Toazi Lililokuwa Ukutani

Whitney Pier, Cape Breton
10 Septemba 1961

Dada Ianthe,

Mimi mzima, Una mzima, na paa nimeliziba kabla ya baridi kuingia, kwa hiyo usianze kuniuliza. Tarehe nimeiweka juu, unaiona.

Toazi langu kubwa limepasuka. Nasema lile la mkono wa kulia, linaloshika mwendo wa bendi nzima. Ufa ulianza ukingoni mwaka jana, nikaukata kwa msumeno ukatulia. Jumamosi iliyopita, katikati ya wimbo wa pili, ukakimbia hadi karibu na kitovu. Waliokuwa wakicheza walidhani kuna mtu ameangusha sinia jikoni. Aubrey Jessamy aligeuka na saksafoni mdomoni akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. Baadaye alinifuata kwa upole, na upole wa Aubrey unaujua. Akasema, "Mzee Yearwood, dansi ya ukumbi ni Februari, na watu wa Halifax wanakuja. Tafuta toazi linalosema, au sisi tutafute mtu." Nimekalia kigoda kile cha ngoma tangu Aubrey akivaa kaptura. Nikiondolewa pale, nitabaki na kiwanda cha chuma na kitanda.

Hapa kwetu hakuna cha kuchagua. Duka la Mtaa wa Charlotte lina jozi moja ya kugonganisha, ya bendi ya shule, nzito kama magurudumu, na jingine jembamba ambalo ukiligonga linanywea kama karatasi. Mwenye duka alinipa kitabu cha picha niagize kutoka mbali. Nikamwambia hata mke sikumchagua kwa picha.

Wewe uko Montreal na una sikio la kinanda. Nenda unichagulie. Chukua kijiti changu nilichokufungia humu; usikubali cha dukani. Ligonge kwa ncha, pole pole, karibu na katikati. Kwanza usikie neno la kijiti, ta, ta, ta, kila moja limesimama peke yake. Halafu chini ya maneno usikie pumzi, nyeusi kidogo, isiyofunika neno. Kisha mpe mtu mwingine aligonge, wewe ukakae mlangoni, maana toazi linalopendeza likiwa chini ya pua yako mara nyingi ni kelele tupu ukumbini. Nataka sauti ile ya zamani. Unaijua.

Na lile la ukutani kwako liache ukutani. Nilisema neno langu siku tuliyomzika Mama, na silirudishi.

Mdogo wako,
Clement


Montreal
1 Oktoba 1961

Mdogo wangu Clement,

Umeandika kurasa tatu bila kuniuliza hali yangu. Kwa kuwa hukuuliza, magoti yananiuma.

Nimekwenda katika maduka yote mawili yanayostahili kuitwa hivyo. Katika la kwanza kijana aliniuliza kama Bibi anaanzisha bendi. Nilimwambia kwamba nimepiga kinanda cha kanisa tangu kabla mama yake hajaolewa, na kwamba aondoe mkono wake juu ya toazi ili nilisikie. Aliuondoa. Matoazi yake yote yalilia kwa nguvu na hayakusema chochote, kama wahubiri fulani tunaowajua.

Katika la pili nilimkuta mzee mmoja mwenye subira. Nilifanya kama ulivyoelekeza. Niligonga kwa kijiti chako, kisha nikampa yeye nikaenda kukaa mlangoni na mkoba wangu magotini, wapita njia wakinitazama. Nililikataa moja kwa sababu pumzi yake ilimeza maneno, na jingine kwa sababu lilikuwa na uchungu kama sauti ya soprano aliyenyimwa nafasi ya kuimba peke yake. La tatu lilisema vizuri. Ndilo nililolinunua.

Nimelikabidhi kwa Bwana Gittens, mhudumu wa behewa la kulala. Amelifunga kwa blanketi la reli na kuliweka chini ya kitanda chake mwenyewe. Ukamlaki stesheni ya Sydney, hapo kwenu, na umpelekee bajia za samaki wa chumvi za Una. Ndiyo ada yake, na hapokei nyingine.

Kuhusu lile la ukutani, hakuna aliyekuuliza.

Dada yako,
Ianthe Yearwood


Whitney Pier
22 Oktoba 1961

Dada Ianthe,

Magoti uyafunge kwa flana yenye mafuta ya moto.

Gittens amefika na toazi, amekula bajia saba, ameondoka. Toazi lenyewe limekufa. Nisamehe, najua umehangaika. Naliona linatikisika, kijiti kinadunda vizuri, lakini neno halipo. Ni kama kugonga mto wa kulalia. Aubrey anasema ni zuri mno, eti tatizo ni kwamba ninaligonga kama ninayeua nyoka. Aubrey anapuliza, atajua nini? Nisipoligonga hivyo halisikiki.

Siku hizi kila kitu kimelegea. Hata kengele ya kanisa wanaigonga kwa uvivu, unaona kamba inavutwa na sauti hakuna. Vijana wa bendi nao wanazungumza kama wana viazi mdomoni.

Nalirudisha kwa Gittens. Jaribu tena, Dada. Februari haiko mbali.

Clement


Montreal
12 Novemba 1961

Wifi yangu Una,

Barua hii ni yako peke yako. Nimeipitisha kwa Bwana Gittens ili isifike mkononi mwa Clement.

Toazi atakaloletewa wiki hii ni la kaka yetu Rupert. Nimemwandikia Clement kwamba nimelipata kwa mtu niliyeelekezwa, kwamba ni la zamani, lilitengenezwa Istanbul, na kwamba mwenyewe hapigi tena. Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo, na yote kwa pamoja ni uongo. Jina la Rupert lilikuwa limeandikwa kwa rangi upande wa chini. Nimelifuta kwa kitambaa hadi mkono ukaniuma.

Ulikuwepo wakati ule. Unajua kwamba Rupert alikuwa na kazi ya klabu huku Mtaa wa Saint-Antoine, akaleta simu ya maandishi badala ya kuja kumzika Mama, na kwamba Clement aliapa mbele ya jeneza kuwa hatagusa kitu cha Rupert, awe hai au amekufa. Rupert alipokufa, Clement hakuja. Usilolijua ni kwamba hospitalini Rupert aliniambia jambo moja tu lililoeleweka: "Toazi mpe mdogo wetu. Amelitamani tangu utotoni." Nimelitundika ukutani tangu wakati huo kwa sababu sikuona njia ya kulifikisha. Sasa yeye mwenyewe ananielezea sauti ya toazi lile, neno kwa neno, na kuniomba nimtafutie.

Akilipenda, nitamwambia baada ya dansi. Kabla ya hapo nakuomba uniahidi kutosema.

Wifi yako,
Ianthe


Whitney Pier
3 Desemba 1961

Dada Ianthe,

Sijui nikuambieje. Hili ni baya kuliko la kwanza.

Nililipeleka ukumbini peke yangu ili nisisumbuliwe na mtu. Nikaligonga kila mahali, kitovuni, katikati, ukingoni. Hakuna kitu. Huyo aliyekuuzia ametumia vibaya upole wako. Kama kweli lilikuwa na bwana wake, basi aliacha kupiga kwa sababu ya toazi lenyewe, na simlaumu.

Una ameninunia tangu nilipolisema hili mezani. Nimemuuliza kuna nini, akajibu akiwa amegeukia jiko, tabia yake mpya, sikushika alichosema.

Nifanye nini nalo?

Clement


Montreal
13 Desemba 1961

Clement,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Mtu mwenye masikio kama yako hawezi kuligonga toazi lile asijue ni nini. Unaweza kuniambia kwamba hulitaka. Unaweza kuniambia sababu, nami nitaiheshimu hata kama ni ya kitoto. Lakini kunitumia matusi juu ya chuma, huku tukijua wote wawili kwamba si chuma unachokitukana, ni jambo ambalo sikulitarajia kwako, na Mama asingelipenda.

Umeuliza ufanye nini nalo. Ni lako. Lifanye utakavyo.

Ianthe Yearwood


Whitney Pier
29 Desemba 1961

Wifi Ianthe,

Mimi si mwandishi, utanisamehe.

Barua yako ya mwisho Clement ameisoma na hakuielewa hata kidogo. Alinijia nayo jikoni akisema, "Dada amekasirika nini? Matusi gani? Nimemtukana nani?" Alikuwa kama mtoto aliyepigwa bila kosa. Nilimtazama nikajua kwamba hadanganyi. Wifi, hakulitambua.

Nikuambie nilichokuwa nakificha na mimi. Clement hasikii. Si kwamba hasikii kabisa. Sauti nzito anazipata, ngoma kubwa anaipata, mimi nikimtazama usoni ananipata. Ila vitu vyembamba vimemtoka vyote. Birika linapiga mluzi hadi linakauka naye amekaa kando yake anasoma gazeti. Mwezi wa kumi tulisimama na mtoto wa Aubrey mlangoni akipuliza filimbi aliyonunuliwa, Clement akamuuliza kwa nini anaishika tu haipulizi. Ni vile vyuma vya kiwandani, miaka yote ile bila hata pamba masikioni. Yeye anasema ni watu wamelegea. Nilinyamaza kwa sababu ya bendi. Nilijua kwamba siku akikubali ndiyo siku atakayokiacha kigoda.

Sasa sikiliza. Kwa kuwa ulimwandikia alifanye atakavyo, ameamua kulitoboa. Anasema wazee wa zamani walikuwa wakitoboa matundu ukingoni na kutia ribiti zilegee, ili toazi likigongwa zicheze na kulia kama mafuta ya moto kikaangoni. Anasema hapo litasema tu. Atalipeleka kwenye karakana ya kiwanda wakifungua baada ya sikukuu, kuna rafiki yake mwenye keekee ya umeme. Nimemwambia aliache. Akaniuliza kwa nini. Nikakaa kimya, kwa sababu nilikuahidi.

Niruhusu niseme. Nijibu upesi.

Una


SIMU YA MAANDISHI
Montreal, 9 Januari 1962

UNA YEARWOOD WHITNEY PIER. BARUA YAKO IMECHELEWA NJIANI KWA THELUJI. MWAMBIE SASA HIVI. TOAZI NI LA RUPERT. ASILITOBOE. IANTHE


Whitney Pier
14 Januari 1962

Dada Ianthe,

Mtu wa posta alileta simu yako ya maandishi mchana. Una alikuwa kwa mama Jessamy, kwa hiyo nikaifungua mimi, ingawa jina lilikuwa lake. Toazi lilikuwa mezani mbele yangu. Nilikuwa nimelitoa karakanani siku iliyotangulia. Matundu sita, safi, hayana hata kwaruzo. Fundi alisema hajawahi kuona chuma kizuri namna ile, kilitoa nyuzi badala ya vumbi. Nilikuwa nasugua kingo za matundu kwa msasa.

Una aliporudi alinikuta nimekaa na koti mwilini. Tumezungumza, yeye amesimama mbele yangu, kila neno. Ameniambia ya birika. Ameniambia ya filimbi. Nilibishana naye, kisha akaenda nyuma yangu, akakaa kidogo, akarudi mbele akaniuliza alikuwa anasema nini. Sikujua kama alikuwa anasema kitu.

Nikafikiri juu ya Aubrey na ile habari ya kuua nyoka. Nikafikiri juu ya kengele ya kanisa.

Usimlaumu Una. Na barua yako ya Desemba nimeirudia na sasa naielewa. Wewe ulidhani nimemtemea Rupert mate. Dada, ningelijua ni lake ningelirudisha siku ile ile kwa Gittens, bila kulitukana na bila kulitoboa, na leo lingekuwa zima ukutani kwako. Naliwaza hilo na sijui nilipeleke wapi.

Ribiti sikutia hata moja. Jana usiku nilikumbuka kitu alichonifanyia Rupert nikiwa mdogo. Alikuwa ananiambia niume kijiti kwa meno, ncha niigusishe kwenye toazi, na yeye analigonga. Nilikuwa nacheka kwa sababu kichwa kizima kinajaa. Nikamwomba Una anifanyie. Aligonga kwa mwiko. Ikaja, Dada. Neno halikuja. Pumzi ilikuja, ile nyeusi, ikapanda kwenye taya hadi nyuma ya macho. Una aligonga hadi akachoka.

Lakini ndani yake kuna kitu kinachokwaruza, kama mtu anayepumua akiwa na kifua. Sijui kama ndivyo lilivyokuwa siku zote nami sikuwahi kulisikia kwa namna hii nikiwa mtu mzima, au ni matundu yangu. Siwezi kujua. Aliye hai anayelijua lilivyolia ni wewe peke yako.

Njoo kwa dansi. Nimemwambia Aubrey ukweli. Amekubali nipige usiku ule mmoja, naye atakuwa ananitazama na kunipa mwendo kwa bega. Kaa mlangoni, kama pale dukani. Kisha uniambie.

Clement


Montreal
21 Januari 1962

Mdogo wangu Clement,

Nitakuja. Bwana Gittens ameniwekea nafasi katika behewa lake.

Niliandika maneno mawili, "lifanye utakavyo", kwa mkono uliokuwa na hasira, na nikayatia muhuri kabla hasira haijapoa. Wanafunzi wangu niliwafundisha walaze barua kama hiyo usiku mmoja ndipo waipeleke. Sikuilaza.

Na ningekuambia tangu mwanzo, Septemba, kwa jina: hili ni la Rupert, amekuachia, likubali au ulikatae. Ungekasirika. Ungeweza kukasirika na toazi likawa zima.

Mwambie Una nitalala chumba cha nyuma, na asinipikie kitu chenye pilipili.

Ianthe


Whitney Pier
4 Machi 1962

Dada Ianthe,

Gittens ameniambia ulifika salama, na kwamba njiani uliwasahihisha abiria wawili na padri mmoja.

Kigoda nimekikabidhi. Amekuja jamaa kutoka Glace Bay, ana mkono mwepesi, na Aubrey anatabasamu hadi saksafoni inatoa upepo. Nilikwenda Jumamosi nikakaa na Una kwenye viti vya pembeni. Nilidhani nitaumia zaidi. Ngoma kubwa niliisikia kwa miguu.

Toazi nimelitundika jikoni, mahali unapoingilia. Nimeandika tena jina la Rupert upande wa chini, kwa rangi, kama lilivyokuwa. Una akitaka kuniita haniiti tena; analigonga kwa mwiko, na mimi nikiwa nimeegemea ukuta huo napata. Wakati mwingine nauma kijiti tukapiga kidogo, kabla ya kula.

Nataka kusema jambo kuhusu usiku wa dansi. Nilipomaliza nilikuja hadi mlangoni ulipokuwa umekaa na mkoba wako. Watu walikuwa wamenizunguka wananipiga mabega. Nikakuuliza. Ulinitazama usoni ili nipate kila neno, ukasema, "Ndilo lile lile. Halijabadilika hata kidogo." Kisha ukainama kutafuta glavu zako, na zilikuwa mikononi.

Sikukujibu pale kwa sababu ya watu. Nimekaa nalo tangu siku hiyo.

Dada, wewe ulinifundisha kusoma mezani kwa Mama. Umenisahihisha barua, nguo, ndoa, na namna ya kushika kikombe. Tangu nizaliwe hujawahi kuniambia kwamba kitu nilichokigusa kimebaki sawa.

Kwa hiyo najua. Nashukuru kwamba ulitoka Montreal na magoti yale kuja kuniambia vile. Safari hii usiandike kunisahihisha.

Mdogo wenu,
Clement